Chang'aa ya Matumbawe: Safari ya Mtongwe, Utange na Changamwe

Nimechoka kuulizwa. Kila nikikaa barazani hapa Mtongwe hapakosekani mtu wa kukohoa kwanza, kisha akaniuliza, "Mzee Omari, ni kweli ulionekana Mwakirunge kwa mama muuza chang'aa, na kofia yako kichwani?" Nikijibu kwa ufupi, wasema naficha. Nikijibu kwa urefu, waondoka katikati na nusu ya habari, na nusu ya habari ni mbaya kuliko uongo mzima. Basi nimekaa nikaandika kwa hati yangu hii ya chuoni na darasa la pili, safari yote tangu kutoka hadi kurudi. Anayetaka asome. Asiyetaka aniache ninywe kahawa yangu kwa amani.

Sababu ya kutoka ilikuwa mpwa wangu Mwanatumu, ambaye sote twamwita Tumu, binti wa dada yangu Mwanasha. Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya zile mvua kubwa za El Nino. Tumu alikuwa akisoma chuo kikuu huko Nairobi, na katika elimu zote alizoumba Mungu, akaacha udaktari, akaacha sheria, akachagua matumbawe laini.

Hapa lazima mnisikilize kidogo. Mimi maisha yangu yote nimechoma chokaa. Tumbawe nalijua kama mchinjaji amjuavyo ng'ombe. Lipo tumbawe gumu, hilo lapangwa tanurini juu ya magogo, lachomwa, latoa chokaa, na nyumba za watu zasimama. Na lipo hili laini, limejibandika mwambani kama sikio la mzee. Ukilibonyeza lanywea. Ukilitia tanurini lauzima moto, na uvundo wake wakufuata hadi kitandani. Babangu akilikuta katika mzigo alikuwa akilitupa na kumsonya aliyelileta. Na hilo ndilo alilolisomea mtoto wa dada yangu, kwa miaka, taa inawaka.

Nilimuuliza siku moja, kuna nini humo cha kusoma?

"Mjomba," akanambia, "kila kiumbe kina majiko madogo sana ndani ya mwili wake, hayaonekani kwa macho. Ndiyo yanayompikia nguvu za kuishi. Majiko hayo yana maandishi yake yenyewe, na mtoto huyapata kwa mamake tu. Baba hamo."

"Kama fuko," nikasema.

Fuko, kwa asiyejua mambo yetu Wadigo, ni ukoo wa upande wa mama. Zamani mtu alirithiwa na watoto wa dadake, si wanawe, na mjomba alikuwa na mzigo kwa mpwawe kushinda baba mzazi. Dini imekuja imepanga mirathi upya, alhamdulillahi, lakini mzigo wa mjomba haukupangwa upya. Uko pale pale mgongoni.

"Kama fuko hasa," akasema Tumu. "Yaitwa mitokondria."

"Jina sikukuuliza."

Alichotaka ni kusoma maandishi hayo ya matumbawe laini ya upande wetu wa Likoni na yale ya upande wa Kisauni, ajue lipi ni ndugu ya lipi na walitengana wapi. Mashine ya kusomea haikuwapo kwetu. Alikuwako profesa wake mmoja, mzungu, amekuja kwa muda mfupi, na angepanda ndege Jumamosi jioni pale Changamwe. Tumu akimpa vipande vizuri, visivyooza, angemchukua akasomee huko kwao hadi mwisho wa elimu. Vikioza, nafasi angepewa mwanafunzi mwingine aliyekuwa akisubiri nyuma yake. Hilo ndilo lililokuwa mkononi. Lingine lote ni kelele.

Babake, shemeji yangu Athumani, ni mtu mwema lakini akishakaza neno halilegei. Alitoa sharti. Tumu aende, lakini mjombake amsindikize mlango hadi mlango. Walale Utange kwa kakake Athumani, Maalim Salimu. Na asisikie neno la aibu. "Neno moja tu nikilisikia juu ya binti yangu, safari ya Ulaya imekufa," akasema, tena mbele ya dada yangu. Wanangu wa kuzaa wakaninunia. "Kwani hana baba?" Nikawaambia anaye, na ndiye huyo aliyenituma.

Alhamisi asubuhi tukashuka Likoni kwenye feri. Mimi nimebeba sanduku la mbao, ndani yake chupa za mdomo mpana, na kila chupa ina vipande vya matumbawe ya kwetu alivyovikata Tumu siku zilizotangulia, vimezama katika spiriti. Kila kipande kimefungwa kijibati chenye namba kwa uzi. Yeye kabeba mkoba wa vitabu. Nikamwambia tubadilishane, akasema vitabu vyake ni vizito zaidi. Nilivijaribu baadaye, ni kweli, na hilo nalo liliniudhi.

Feri ilijaa. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la maembe akaanza kunusa. "Mzee, mna nini humo, maiti?"

"Matumbawe."

"Mwayapeleka wapi?"

"Ulaya."

Akanitazama, akamtazama Tumu, akamwambia kwa upole, "Mpeleke babu akapumzike, mwanangu."

Alhamisi adhuhuri tukafika Utange. Maalim Salimu alitupokea vizuri, maamkizi yakaenda taratibu kama yanavyotakiwa, ya nyumbani, ya afya, ya marehemu. Ni mtu wa kusomesha watoto Kurani, sauti yake haipandi. Mkewe, Bi Zuhura, ndiye anayepanda kwa niaba ya wote wawili. Huyo mama hajapata kukaa na vumbi nyumba moja. Hufagia ua hadi mchanga ukaona haya.

"Mchoma chokaa," akaniambia, kwa kuwa sisi tumezoea kutaniana, "umekuja kunipaka nyumba?"

"Nimekuja kula."

"Basi nawa. Na hilo sanduku lenye harufu ya hospitali liwekeni mbali na jikoni kwangu. Kesho tuna hitma ya marehemu mama, watu watakuja kusoma hapa."

Likawekwa ukumbini chini ya kitanda cha kamba. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na sikuliona, kwa sababu nilikuwa nimeona wali wa nazi.

Ijumaa asubuhi tukaenda pwani ya Shanzu, bahari imekupwa, mwamba umebaki mtupu. Bamvua lilikuwa linaishia. Tumu alisema siku ile ndiyo ya mwisho, baada yake yangeingia maji mafu na mwamba usingeonekana tena hadi mwezi ugeuke. Nilitembea juu ya miiba ya mafuma, wale nungunungu wa baharini, na viatu vya mpira vya kuazima, vidogo, huku nimeshika chupa kama mganga. Askari wa hoteli akapiga mbinja. "Mzee, hapa ni kwa wageni." Tumu akamwonyesha kibali chake. Akakisoma juu chini, akarudisha, akasema, "Kibali ni cha msichana. Cha mzee kiko wapi?" Nikamwambia mimi ni mjomba. Akafikiri, akasema basi nisiguse maji. Nisiguse maji, nami nimesimama ndani yake hadi magotini.

Tumu alikuwa akikata kipande kidogo kama ukucha, anakifunga kijibati, anakitumbukiza. Akanionyesha moja lililofunguka kama uyoga, kofia pana juu ya shina. Pembeni yake moja lenye vidole vidole, kama glovu iliyojaa mchanga.

"Haya mjomba waonaje? Ndugu?"

"Huyu uyoga, huyu mkono. Undugu uko wapi?"

"Ndiyo nataka kujua."

"Mimi nishajua. Tukale."

Ijumaa mchana nilikwenda msikitini na Maalim. Tumu alikuwa ameoga, amelala kwa uchovu chumba cha wanawake. Tuliporudi na watu wa hitma nyumba ilikuwa imefukizwa udi, mikeka imetandikwa, kila kitu kimenyooka. Tukasoma, tukaomba, tukala. Wageni walipotawanyika Tumu akaja ukumbini, akainama, akavuta sanduku. Nikamwona anabaki vile vile, ameinama.

Chupa zilikuwa zimeoshwa. Zinang'aa, zimepinduliwa juu ya kitambaa. Na kando yake, ndani ya kapu la ukindu, matumbawe yote ya Likoni na ya Shanzu yamezikwa katika chumvi ya mawe kama samaki wa ng'onda wa kupeleka sokoni.

"Bi mkubwa," Tumu akaita, sauti imekonda.

"Abee mwanangu." Bi Zuhura akatoka jikoni anajifuta mikono. "Nimewatengenezea. Nilinusa nikajua humo mna ulevi. Nyumba inasomwa Kurani, na ulevi chini ya kitanda? Nikamwaga chooni. Nikavisuuza hivyo vitu vyenu kwa maji safi hadi vikatoka utelezi, nikavitia chumvi visiharibike. Vijibati vyenu sikuvigusa, nilijua ni vya shule."

Anasema hivyo na uso wake unangoja shukrani. Mimi nilitazama dari. Utasema nini? Huyu ni mke wa kaka yake Athumani. Ukimkaripia, habari yavuka bahari kabla yako, na katika habari hiyo neno la kwanza litakuwa ulevi.

"Ahsante, bi mkubwa," akasema Tumu.

Alikwenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata nikamkuta kaketi juu ya kinu, hataki kula, analia bila sauti, jambo ambalo silipendi hata kidogo. Akanieleza. Spiriti kali huyagandisha maandishi yakabaki kama yalivyo. Maji safi huyaozesha. Chumvi hakuijua itafanya nini, hakuwahi kuijaribu. Na bahari haikupwi tena.

"Basi tununue nyingine."

Tukazunguka Kisauni jioni nzima. Duka la dawa la kwanza lilikuwa na kichupa cha kufutia sindano. La pili limefungwa. Duka la vyombo lilikuwa na ile ya rangi ya zambarau ya kuwashia jiko la mafuta, Tumu akasema ile imetiwa sumu, itaharibu zaidi. Tukarudi mikono mitupu, naye Bi Zuhura akatuuliza kama tulikwenda kutembea tukafurahi.

Jumamosi asubuhi lilikuja lori. Maalim alikuwa ametuombea nafasi kwa jirani yake Kyalo, Mkamba mwenye maneno mengi, aliyekuwa akipeleka mawe ya kujengea huko Magongo ya Changamwe, hatua chache kutoka uwanja wa ndege. Lakini kwanza apakie machimboni Mwakirunge. Tukapanda mbele, mimi na Tumu na sanduku, na kapu la chumvi miguuni. Njiani Tumu akawa ananiambia tena habari ya spiriti, Kyalo anasikiliza.

"Mnataka kitu kikali cheupe, hakina rangi, kinawaka moto?"

"Naam," akasema Tumu.

"Na mnakwenda Mwakirunge?"

"Ndiyo."

"Basi mnalia nini?"

Nilimwelewa kabla ya Tumu. Nikamwambia Kyalo atazame barabara.

Mwakirunge ni mahali peupe. Mawe yanakatwa pale ardhini, na mawe yenyewe, kwa taarifa yenu, ni matumbawe magumu ya zamani, bahari iliyoondoka ikaacha mifupa. Vijana wenye misumeno na vumbi hadi kope. Upande mmoja moshi wa jaa la taka. Nyuma ya machimbo kibanda cha makuti, na humo Mama Kadzo, mama wa Kigiriama, mnene, mcheshi, anawauzia wakata mawe chai asubuhi na kingine wakitaka kingine.

Tumu akafungua mlango ashuke. Nikaufunga.

"Wewe kaa hapa."

"Mjomba, hutajua iliyo kali."

"Nifundishe."

"Ikiwashwa iwake moto wa buluu, isizimike hadi ikauke. Lakini niache niende mwenyewe."

"Babako alisema asisikie neno juu yako. Juu yangu hakusema."

Nikashuka. Niseme ukweli, kutoka lorini hadi kibandani si mbali, lakini niliuona umri wangu wote ukitembea nami. Nina ndevu nyeupe. Nimevaa kanzu ya Ijumaa kwa sababu ile nyingine ilikuwa na maji ya chumvi. Wakata mawe wakaacha misumeno.

"Babu, msikiti uko kule," akasema mmoja.

"Muache, ametoka kuswali, ana kiu," akasema mwingine.

Mama Kadzo aliinuka kwa heshima. "Shikamoo baba. Umepotea njia?"

"Marahaba. Nataka chang'aa."

Akakaa tena.

"Ya nani?"

"Ya matumbawe."

Mtu pembeni akasema polepole, "Huyu ameanza zamani."

Nilimweleza Mama Kadzo, nikaeleza jiko, nikaeleza fuko, nikaeleza profesa. Alisikiliza yote. Mwisho akasema, "Baba, wote wakija hapa wana sababu. Mmoja ana kifua, mwingine ana mkwe. Ya matumbawe ndiyo mara ya kwanza." Lakini aliona jasho langu, nadhani, akaacha mzaha. "Wataka kali ya kwanza, haijaonja maji?"

"Iwake buluu."

Akamimina kidogo kifunikoni kutoka chupa ya mezani, akapiga kiberiti. Ikawaka buluu, ikakauka. Nikaridhika kama hakimu. Akanijazia mtungi wa plastiki kutoka pipa lililokuwa nyuma yake, nikatoka nao mkononi mbele ya macho yote yale. Na kwenye kundi la mwisho, nani anasimama? Kijana wa Mtongwe hapa hapa, sitamtaja, alikuja kutafuta kibarua machimboni. Akanisalimu kwa adabu kubwa. Ile adabu ndiyo inayoniuliza maswali barazani hadi leo.

Lorini Tumu akagawa. Kila kipande akakikata mara mbili, nusu akairudisha kapuni kwenye chumvi, nusu akaitia chupani na chang'aa. "Tusiweke mayai yetu yote kwa kuku mmoja," nikamwambia, akasema methali haiko hivyo. Nikamwambia aendelee kukata.

Jumamosi mchana, pale Makupa, polisi wakatusimamisha. Lori lilikuwa limeruka shimo kubwa Kisauni, chupa moja imemwagika juu ya kanzu yangu kutoka kifuani hadi chini. Askari akasogeza uso dirishani, akaurudisha.

"Nani amelewa hapa?"

"Hakuna," akasema Kyalo. "Mzee amemwagikiwa."

"Na nini?"

Nilikuwa nimechoka. "Na chang'aa, mwanangu. Si ya kunywa."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kutilia matumbawe."

"Matumbawe yanakunywa?"

Tumu akaanza kumweleza vizuri, kwa utaratibu, habari za nasaba na mama na maandishi. Nikaona uso wa askari unakuwa kama wangu siku ya kwanza. Akachukua chupa, akafungua kifuniko, akatia pua.

Mimi nilisema mwanzo, tumbawe laini lina uvundo wake. Likikaa katika chang'aa, ndani ya lori la jua la saa nane, sijui niseme nini. Askari alirudi nyuma hadi kwenye ukingo wa barabara, chupa kaishika mbali kama kashika nyoka. Akampa Tumu kwa mikono miwili.

"Hiyo haiwezi kunywewa na mtu," akasema. "Nendeni." Tulipoondoka nikamsikia akimwambia mwenzake asijisumbue.

Magongo tukashushwa na mawe. Tukaweka sanduku na kapu juu ya mkokoteni, mimi nikisukuma na mwenye mkokoteni, hadi uwanja wa ndege. Profesa alikuwa amesimama nje, mrefu, mwekundu wa jua, anatazama saa. Tumu akaongea naye kwa Kiingereza, haraka, anaonyesha chupa, anaonyesha kapu. Nilimwona mzungu anasikia neno Mwakirunge, ananitazama kanzu, kisha ananipa mkono. Alichukua vyote. Akalitia kapu la Bi Zuhura katika mfuko wa nailoni pamoja na chumvi yake na ukindu wake. Hakuahidi kitu. Alisema ataona kwanza kilichomo.

Kurudi ndiko kulikokuwa kuzito. Sanduku halipo, lakini kanzu ipo. Kwenye feri watu walitupisha nafasi, na wasichana wa shule wakahama ubavu mzima. Tumu alitaka nivue. Nikamwambia mzee hatembei Likoni na fulana.

Magharibi tukafika Mtongwe. Athumani alikuwa kibarazani kwake na tasbihi. Aliinuka kutupokea, akafika hatua moja, akasimama. Tasbihi ikasimama nayo.

"Tumu, ingia ndani kwa mamako."

"Abee baba."

Tukabaki wawili.

"Shemeji, wanuka."

"Nanuka."

"Wanuka nini?"

"Wajua nanuka nini."

Nikamweleza yote, isipokuwa aliyemwaga. Nikasema tu imemwagika. Akasikiliza kichwa chini.

"Imemwagika yenyewe, kisha vitu vikajitia chumvi," akasema.

"Mimi sikumtaja mtu."

"Bi Zuhura alinimwagia dawa ya kikohozi mwaka niliolala kwao. Nikakohoa hadi Idi." Akasogeza punje moja ya tasbihi. Hakuwa anacheka. "Tumu aliingia humo kibandani?"

"Hakushuka lorini. Kule nilionekana mimi, na neno litakuja. Kijana wa hapa hapa aliniona. Litakuja kwa jina langu peke yake, na wewe ukilisikia usilitie jina la mtoto."

"Nawe utajibu nini?"

"Sitajibu."

Watu walikuwa wanaanza kutoka msikitini, na yeyote aliyepita angesimama kuuliza habari za safari. Athumani akatazama njia, akanitazama.

"Vua kanzu," akasema.

Nikavua. Akaichukua yeye mwenyewe, akaingia uani, na nikamsikia akimwambia dada yangu alete maji na sabuni, kisha nikasikia maji, na mfuaji hakuwa dada yangu. Akarudi na kanzu yake nyingine, akanivika. Fupi, yaishia katikati ya muundi. Majirani walipokuja wakanikuta nimekaa ndani yake, na Athumani akawaambia, "Mtoto kafika salama, na mjombake kafika salama." Wakanitazama miguu.

Habari ya profesa ilikuja mwezi haujaisha, na Tumu akaondoka. Sikuuliza ni vipande vipi vilivyopona. Nilidhani chang'aa yangu imefanya kazi, na moyoni nilijipa sifa kidogo.

Alirudi baada ya miaka, amemaliza, ana miwani. Akaja kuniamkia, nikamuuliza.

"Ya chang'aa yalioza yote, mjomba. Ilikuwa maji zaidi ya nusu."

"Iliwaka buluu."

"Uliona kifuniko kinawaka. Mtungi ulitiwa kutoka wapi?"

Nikakumbuka lile pipa.

"Ya chumvi ndiyo yaliyosomeka," akasema. "Si yote, lakini yametosha. Kumbe hata huko wapo wanaotumia maji ya chumvi kali."

"Kwa hiyo nilikwenda Mwakirunge bure."

"Bure kabisa."

Nilimmiminia kahawa. Kisha nikauliza, je, uyoga na mkono, ndugu au si ndugu? Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Akasema maandishi ya jiko la mama, ya uyoga na ya mkono, ya Likoni na ya Shanzu, yalitoka karibu sawa sawa, hayamtenganishi huyu na huyu. Ni ndugu wa karibu mno, na ukitaka kuwatenga lazima utafute maandishi mengine, ya pande zote mbili, mama na baba. Nikamwambia miaka yote hiyo angeweza kumuuliza marehemu mamangu, ambaye alikuwa akisema wa Likoni na wa Kisauni ni watu wamoja, na asingemdai kupanda ndege.

"Lakini kwa nini hayabadiliki?" nikauliza. "Kila anayenakili hukosea."

"Hapo ndipo penye ajabu, mjomba. Kwa wanyama wengine majiko hukosea, makosa yakajaa. Matumbawe haya yana kitu ndani ya jiko lenyewe, kama fundi, na wanaoyasoma wanadhani kazi yake ni kupita nyuma ya maandishi akisahihisha. Wanyama wengine hawana."

"Fundi anayekaa upande wa mama?"

"Upande wa mama."

"Anafuta kosa kabla halijasomwa?"

"Ndivyo wanavyodhani."

"Sisi twamwita mjomba," nikamwambia.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Ubaya wa fundi huyo," akasema, "ni kwamba akifanya kazi yake vizuri, hakuna anayejua lolote."

Nami miaka ile yote sikumjibu mtu barazani, kama nilivyomwahidi babake. Nimekaa na neno la Mwakirunge kwa jina langu peke yangu mpaka mtoto amemaliza kusoma, ameolewa, anasomesha wenziwe. Sasa hakuna wa kumzuia tena, na mimi nimechoka kuulizwa.